Uzi wa SAT ya kompyuta kwa vijana wa NECTA: mambo ya kujua kabla hujalipa tuisheni

MwalimuSinza (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke simu yangu haipoi. Wazazi wanauliza kitu kilekile: kijana ana divisheni wani, anataka kuomba vyuo vya Marekani, hiyo SAT inafanywaje? Nimechoka kurudia kwenye simu, naweka yote hapa. Mwenye la kuongeza aongeze, mwenye la kupinga apinge kwa hoja.

SAT ya karatasi imekwisha. Sisi wa nje ya Marekani tulihamishiwa kwenye kompyuta Machi 2023, Wamarekani wenyewe wakafuata Machi 2024. Unaifanya ndani ya programu inayoitwa Bluebook, saa 2 na dakika 14 ukiacha mapumziko. Inaanza sehemu ya kusoma na kuandika, ingawa insha huandiki hata moja, ni kuchagua jibu mwanzo mwisho. Halafu hisabati. Kila sehemu ina moduli mbili. Kusoma ni maswali 27 kwa dakika 32, kisha 27 mengine kwa dakika 32. Hisabati ni 22 kwa dakika 35, kisha tena vivyo hivyo. Katikati ya sehemu hizo mbili unapumzika dakika 10. Alama zinaanzia 400, mwisho 1600.

Sasa jambo ambalo vijana wetu wengi wanalijua wakiwa wameshakaa kwenye kiti. Moduli ya pili si moja kwa watu wote. Kompyuta inaangalia ulivyofanya ya kwanza, halafu inakupangia ya pili, ngumu au nyepesi. Ukipangiwa nyepesi, hata ukiyapata maswali yake yote huwezi kufika kule juu kabisa. Kizingiti chenyewe College Board, wenye mtihani, hawakitangazi, kwa hiyo anayekwambia "pata kumi na tisa tu unavuka" anabahatisha.

Kijana wa NECTA amezoea kuchagua. Swali hili limenishinda, naliacha, nitafidia Sehemu B. Hapa hakuna Sehemu B. Muda wa moduli ukiisha inajifunga yenyewe na hurudi nyuma. Maswali mepesi ya moduli ya kwanza ndiyo yanayoamua siku yako, na hayohayo ndiyo watu wanayapitia mbiombio wakiwahi magumu.

La pili ni hatua. Mtahini wa NECTA anakupa alama za njia hata jibu likikosewa, kwa hiyo tumefundishwa kupanga kazi, mstari juu ya mstari, mpaka "kwa hiyo x = 4" na kupigia mstari chini. Kwenye SAT njia haina mnunuzi. Una sekunde 95 hivi kwa swali la hisabati na karatasi ya rafu ambayo hakuna atakayeisoma. Nimeona vijana wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) wenye A safi wakiishiwa muda maswali manne kabla ya mwisho, na kila walichokifanya kilikuwa sahihi.

Mengine nitajibu kadiri mnavyouliza.

Kinondoni_Halisi

Naweka kambi hapa.

MchumiWaTabata

Mkuu, bila kukuvunja moyo, hivi vyuo vya Marekani si vilishaachana na hiyo SAT tangu korona? Na kama mtoto ana divisheni wani, TCU si iko pale? UDSM, Ardhi, Muhimbili, hakuna anayemuuliza SAT. Tunajitesa kwa dola za nini?

MwalimuSinza

MchumiWaTabata, la TCU uko sahihi kabisa. Kwa chuo cha hapa SAT haina kazi, na mzazi asimwage hela kwa sababu tu jirani kamwaga.

La kuachana nayo, hiyo habari imepitwa. MIT waliirudisha 2022. Mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard nao wakatangaza kudai mtihani tena. Yale wanakubali pia mitihani mingine ya kimataifa, AP au IB, badala yake, lakini matokeo ya NECTA hayamo kwenye orodha hiyo. Vipo vyuo vingi ambavyo bado ni hiari, na University of California hawaiangalii kabisa katika kuchagua wanafunzi hata ukiwatumia. Kwa hiyo kijana aanze na orodha ya vyuo vyake, aingie tovuti ya kila kimoja, ndipo aamue kama anaihitaji.

Kuhusu dola: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa kulipa wanapomchagua mwanafunzi wa nje, na wakimchukua wanaziba pengo lote ambalo familia haiwezi. Kwa mtoto wa Tabata asiye na mjomba Ulaya, hiyo si habari ndogo. Kupata nafasi ni kazi nyingine, ushindani ni mkali mno, hilo sifichi.

MamaWawili_Mbezi

Mwalimu shikamoo, au marahaba maana sijui umri wako. Binti yangu yupo kidato cha tano, PCB. Kuna kituo wameniambia darasa la SAT miezi mitatu, ada yake ni karibu na ada ya shule ya bweni. Wakanionyesha na vitabu, vinene kweli, wanasema ndivyo vinatoka mtihani. Nilipe?

MwalimuSinza

Marahaba mama, umri unaruhusu.

Kabla hujalipa fungua hivyo vitabu. Ukikuta vifungu vya kusoma vya ukurasa mzima vyenye maswali kumi chini yake, hiyo ni SAT ya zamani. Ya sasa kila kifungu kina maneno 25 hadi 150 na swali moja tu. Ukikuta sehemu ya hisabati "isiyoruhusu kalkuleta", nayo ni ya zamani. Vitabu hivyo vinauzwa sana kwa sababu vimebaki stoo.

Vya bure vipo na ndivyo vya wenye mtihani wenyewe. Ndani ya Bluebook kuna mitihani kamili ya majaribio, inabadilika kama ule halisi, na ukimaliza inakupa alama. Khan Academy, tovuti ya masomo, wanashirikiana na College Board na masomo yao hayana malipo. Halafu kuna benki ya maswali ya College Board, unachuja kwa mada na kwa ugumu. Ukiwa humo weka alama ya kuondoa maswali yaliyomo kwenye mitihani ya Bluebook, vinginevyo binti atakutana nayo tena na alama zitakudanganya.

Kidato cha tano ana muda wa kutosha. PCB anasoma BAM (hisabati ya ziada ya wasio wa PCM), na hisabati ya SAT haina integresheni wala difarensiesheni. Ni aljebra nyingi, asilimia na uwiano, kusoma grafu na majedwali, jiometri na trigonometria kidogo. Mengi aliyaona kidato cha pili hadi cha nne.

Kama utaona lazima awe na mwalimu, mtafutie wa kukaa naye kwenye makosa yake baada ya kila mtihani wa Bluebook. Darasa la watu arobaini wanaoandika ubaoni halitamsaidia.

FundiBetri_Kkoo

Mimi ni mtu wa vifaa, nina meza Kariakoo, nitasema upande wangu maana wazazi wanaumia sana.

Bluebook inakubali laptop ya Windows, Mac, iPad, na Chromebook inayosimamiwa na shule. Simu haikubali. Tableti ya Android haikubali. Na hiyo Chromebook isomeni vizuri: ya kwako binafsi HAIKUBALIKI. Sasa hivi Chromebook za mtumba zimejaa mjini, bei chee, ndogo, nzuri, mzazi anaiona anasema hii hapa ya mtihani. Mama hapo juu, usinunue.

Tafuta Windows 10 au 11, hata iwe ya mtumba, lakini jambo la kwanza ni betri. Usiridhike na ile asilimia mia pale kwenye kona. Ichomoe kwenye umeme, cheza video mwanga ukiwa juu, kaa nayo. Inatakiwa ivumilie angalau saa tatu au nne, maana hakuna anayekuahidi soketi kwenye chumba cha mtihani. Betri ya zamani inakuonyesha 60 halafu ghafla inazima.

Nyingine ni masasisho ya Windows. Malizeni siku mbili kabla, na mzime na kuwasha. Hapo ndipo mtu anafungua laptop asubuhi ya mtihani inamwambia "subiri asilimia 12".

Dogo_wa_Tandika

Kaka fundi, intaneti ikikatika katikati je? Maana kwetu hata umeme tu ni maombi.

FundiBetri_Kkoo

Dogo, hiyo isikupe presha. Bluebook inahitaji mtandao mwanzo wakati wa kuanza na mwisho wakati wa kutuma majibu. Katikati ukikatika unaendelea kujibu, majibu yanahifadhiwa kwenye mashine. Mwisho ukikosekana usifute chochote, fungua tena ukipata mtandao yatume. Wakati wa mapumziko usifunge laptop, iache wazi.

Hata kwa majaribio ya nyumbani ni hivyohivyo, unaweza kuanzia kwenye hotspoti ya simu na bando la kawaida. Hailambi MB kama video.

PCM_Sugu

Mwalimu, Desmos ndiyo nini? Kuna jamaa aliniambia SAT ya sasa ni Desmos tu, hata hisabati huhitaji kujua.

MwalimuSinza

Huyo jamaa ametia chumvi, ila ana sababu.

Desmos ni kalkuleta ya grafu iliyomo ndani ya Bluebook, inapatikana hisabati yote. Chukua swali kama hili: 3x + 2y = 16 na x − y = 2. Kijana wetu anashika kalamu, anazidisha, anatoa, anabadilisha alama. Andika milinganyo yote miwili kwenye Desmos jinsi ilivyo, bofya mistari inapokatana, unaona (4, 2). Umemaliza. Hata kama wangeuliza x + y, unajumlisha tu 6. Ukipewa jedwali la namba na kuulizwa mlinganyo unaozifaa, unaingiza jedwali, unaandika y₁ ~ mx₁ + b, inakutafutia m na b yenyewe.

Lakini sasa chukua hili: x² − 6x + k = 0 ina jibu moja tu, k ni ngapi? Anayejua diskriminanti anasema 9 kabla mwenzake hajafungua grafu. Na maswali ya maneno, yale ya "kampuni inatoza kiasi kadhaa kwa mwezi na nyongeza kwa kila gigabaiti", Desmos haiwezi kukusomea. Lazima mlinganyo uuunde mwenyewe.

Kwa hiyo jifunze Desmos mapema, wiki za mwanzo, mpaka vidole vizoee alama za kipeo na kipeuo bila kuzitafuta. Ipo pia kama programu ya simu, unafanyia mazoezi hata kwenye daladala.

Kitu kingine kwa PCM wote: karibu robo ya maswali ya hisabati hayana machaguo, unaandika jibu mwenyewe. Jibu likiwa tatu na nusu andika 3.5 au 7/2. Ukiandika 3 1/2 mashine inasoma thelathini na moja kwa mbili. Na theluthi mbili andika 2/3 yaishe. Ukitaka desimali jaza nafasi zote, 0.67 wanaikata.

PCM_Sugu

Dah. Hiyo ya 31/2 imenigusa. Na tukikosea wanakata alama?

MwalimuSinza

Hawakati, tangu 2016. Usiache swali tupu hata moja. Ikibaki dakika moja na una maswali matatu, bofya chochote.

MwlGrama

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, naomba niingie, maana uzi wote umekuwa hisabati na watoto wetu wengi wanaangukia upande wa pili.

Maswali ya kusoma na kuandika yana mpangilio. Yanaanza ya maana ya msamiati, yanafuata ya muundo na hoja ya kifungu, ushahidi, majedwali, kisha sarufi, mwisho viunganishi na yale ya "mwanafunzi ameandika nukuu (notes) hizi". Kwa hiyo ukijua sarufi ndiyo nguvu yako, hakuna sheria inayokuzuia kuruka mpaka katikati ya moduli, uanzie sarufi, ndipo urudi. Ya nukuu mwishoni ni ya bure kabisa: soma kwanza lengo la mwandishi, kisha tafuta jibu linalotimiza lengo hilo. Nukuu zenyewe mara nyingi huhitaji hata kuzimaliza.

Sarufi ni sheria chache zinazojirudia. Kubwa kuliko zote ni hii: sentensi mbili kamili haziunganishwi kwa koma peke yake. Kiswahili chetu kinaruhusu. "Nilifika, sikumkuta." Hakuna mwalimu atakayekukosoa. Mtoto analibeba hilo mpaka kwenye SAT na kila chaguo lenye koma linamvutia. Kiingereza cha mtihani kinataka nukta, au nukta-mkato, au koma pamoja na kiunganishi kama "and" na "but". Na "however" haihesabiki kuwa kiunganishi cha aina hiyo, ndiyo maana kila mtihani wanaitega hapo.

Nyingine ni kiima kilicho mbali na kitenzi chake. Wanaweka maneno kumi na tano katikati, nomino ya mwisho iko wingi, mtoto anaweka kitenzi cha wingi. Futa kichwani kila kilicho kati ya koma mbili, soma kinachobaki.

Msamiati siwezi kuwadanganya, huo ni wa kusoma muda mrefu. Orodha za maneno elfu moja za kukariri sizipendi. Bora makala fupi mbili kila siku, za sayansi na historia, na kila moja useme kwa sentensi yako mwandishi anadai nini. Kwa Kiswahili ukitaka, mimi sina neno, ilimradi umeelewa. Maktaba Kuu pale Bibi Titi kuna viti, kuna utulivu.

MchumiWaTabata

Nimeanza kubisha, sasa nasoma mpaka mwisho. Usajili ni kiasi gani na unalipwaje? Nina mpwa.

BintiKimara

Nilifanya, ngoja nisaidie hapo. Kwa sisi wa nje, ada pamoja na ile ya kimataifa inazidi dola 100. Misamaha ya ada ni ya Wamarekani, mwanafunzi wa Kitanzania haimhusu. Inalipwa kwa kadi. Kama hana ya benki, kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye huduma za pesa za simu inapita, ila aweke salio la ziada kidogo maana kiwango cha dola kinacheza.

Vituo vya Dar ni vichache na nafasi zinajaa mapema sana. Usisubiri wiki ya mwisho ya usajili.

Halafu JINA. Jina unalojisajilia liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachobeba, na kwa sisi salama zaidi ni paspoti. Sasa wengi wetu cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, NIDA ina matatu, paspoti imefuata NIDA. Jisajilie SAT kwa la paspoti. Paspoti yenyewe ni 150,000, anza mapema, usije ukajikuta unabembeleza pale Uhamiaji mtihani ukiwa wiki ijayo.

Siku moja hadi tano kabla ya mtihani unafungua Bluebook unafanya maandalizi, ndipo inakupa tiketi yako. Watu wanasahau hii. Siku yenyewe ni Jumamosi asubuhi, mlango ukifungwa umefungwa. Kituo changu kilikuwa upande wa Masaki. Nilichukua mwendokasi Kimara, nikabadilishia Magomeni kwenda Morocco, kutoka pale bodaboda. Simu wanachukua, saa janja hairuhusiwi. Beba chaja, kalamu, kitafunwa cha mapumziko. Panya ya laptop ukiwa nayo beba, ile sehemu ya kugusa inachosha.

Dogo_wa_Tandika

Dada, ile saa ya kwenye skrini haikupi kiwewe?

BintiKimara

Unaweza kuificha. Zikibaki dakika 5 inakutaarifu yenyewe. Mimi niliificha kwenye kusoma, kwenye hisabati nikaiacha. Tumia pia ile alama ya kuweka bendera kwenye swali la kurudia, na ile ya kukata majibu unayojua si yenyewe. Zizoee nyumbani.

Steshenari_Posta

Wateja wanaleta zile PDF za mitihani nawatolea kopi. Ni sawa kufanyia karatasi kuokoa bando?

MwalimuSinza

Kwa kujifunza mada, sawa. Kwa kujipima, hapana. Zile PDF zimetengenezwa kwa wenye ruhusa maalumu ya kufanya kwenye karatasi. Zina maswali mengi zaidi kwa kila moduli, muda tofauti, na hazibadiliki kulingana na mtu. Ukijipa dakika 32 kwenye PDF ya kusoma utajiona mjinga bure.

MamaWawili_Mbezi

Asanteni wote, Mungu awabariki. Nimesitisha kulipa. Afanye lini sasa?

MwalimuSinza

Mama, mtihani unakuja mara kadhaa kwa mwaka, zikiwemo Machi, Mei, Juni, Agosti, Oktoba, Novemba na Desemba. Mei ya kidato cha sita msahau, ni NECTA. Baada ya hapo kuna JKT mujibu wa sheria. Ushauri wangu afanye mara ya kwanza Desemba au Machi akiwa bado shule, apime maji. Kisha Oktoba baada ya JKT awe nayo kama nafasi ya pili, kwa kuwa maombi mengi ya vyuo yanafungwa Novemba mosi kwa wanaowahi na mwanzoni mwa Januari kwa wengine. Vyuo vingi vinachukua alama bora ya kila sehemu hata kama ni za tarehe tofauti. La muhimu, usajili wa Oktoba aufanye kabla hajaenda kambini, kule simu hatakuwa nayo.

PCM_Sugu

Wakuu nimerudi. Nimefanya mtihani wa kwanza wa Bluebook juzi: hisabati 690, kusoma 520. Nimekata tamaa na hicho Kiingereza. Kesho nafanya mtihani wa pili nione kama nimepanda.

MwlGrama

Usifanye kesho, mwanangu. Hujabadilisha kitu, utapata 520 ileile na utakuwa umeunguza mtihani mmoja, na si mingi. Fungua ule uliofanya, tenganisha makosa ya sarufi na ya kusoma. Ni mangapi ya sarufi?

PCM_Sugu

Yaliyokosewa ni mengi mwalimu, lakini ya sarufi pekee ni 11. Karibu yote ni koma.

MwlGrama

Basi hiyo ndiyo habari njema uliyoileta. Ingia benki ya maswali, chagua kanuni za Kiingereza, upande wa mipaka ya sentensi, anza na mepesi mpaka magumu. Kila ukikosea andika sheria iliyokukamata, si jibu. Mtihani wa pili fanya ukiona yale magumu hayakukamati tena.

PCM_Sugu

Na hisabati niiache?

MwalimuSinza

Iache kidogo. Nitumie tu namba za maswali uliyokosa kwenye moduli ya kwanza, hizo za pili hazinisumbui kwa sasa.